Ng'ombe watano wa Kijapani

Juzi mpwa wangu alinionyesha kwenye simu katuni ya mapenzi ya Kijapani, nikaikumbuka. Utotoni mimi na dada tuliitazama kwenye banda la video pale Uyole, mvua ikipiga bati, ndani kukinuka makoti yaliyolowa. DJ aliyeitafsiri kwa kuingiza sauti yake ya Kiswahili alimfanya msichana amwambie mvulana aliyemtaka: "Kaka, kwetu mahari ni ng'ombe watano!"

Niliamini. Nikamwonea huruma yule mvulana mwenye sare za shule.

"Atawatoa wapi?" nilimuuliza dada.

"Nyamaza wewe, mjomba ake anafuga."

Umeme ukakatika kabla mvulana hajajibiwa. Nililia hadi nyumbani.

Juzi ndipo nikajua kumbe ng'ombe aliwaongeza DJ. Mvulana alisema tu anampenda, akakubaliwa. Michoro ni mizuri, sikatai, na labda kosa ni langu, ila nimeona yule binti amekubali upesi mno.