Goti la Mperu

Maisha ya mpira ya yule beki wetu Mperu niliyajua kwa kumkanda. Wenzangu waliyasoma kwenye simu, wakabishana vijiweni alichezea timu gani na lini. Mimi niliyasoma mwilini mwake, jioni baada ya mazoezi, akiwa amelala kwenye meza ya mbao tuliyoazima kanisani. Kovu la juu ya jicho alilipata akiwa na miaka kumi na saba, katika timu ya mji wake huko Peru, mji wa milimani ambako, alisema, mgeni akipanda ngazi mbili anahema. Pua iliyopinda ilitoka Ekuador. Bolivia walimvunja vidole viwili vya mguu. Timu moja ya jangwani, ambayo hata jina lake hakupenda kulitaja, ilimwachia bega linaloteguka akivaa koti. Goti la kulia ndilo halikuwa na nchi. Hilo aliliumiza kila mahali.

Baada ya kuzunguka kote huko akaja Tabora. Timu yetu ilikuwa imepanda daraja na viongozi walitaka mzungu wa kumtembeza mjini. Walipompokea wakakuta si mzungu, ni mtu wa rangi ya asali ya porini, mfupi, mwenye miguu kama michi. Walinuna wiki nzima. Halafu wakamwona akicheza, wakaacha kununa.

Mimi ni muuguzi mstaafu. Nilizaliwa Isikizya, jirani na mji, nikafanya kazi wodini mpaka nywele zikageuka mvi, nikastaafu nikidhani nitafuga kuku. Klabu ikaniomba nishike mkoba wa dawa kwa muda tu, mpaka wapate mtu. Ule muda haujaisha hadi leo, na kuku sijawaona.

Wachezaji wote huniita Mama, lakini Mperu alilitamka neno hilo kwa namna ya mtu aliyemwacha wake mbali. "Mwangaluka, Mama," ndivyo alivyonisalimu kila asubuhi, Kinyamwezi chake kikiwa safi kuliko cha wajukuu zangu. Shikamoo alimpa kila mtu, hata watoto wa chekechea waliokatiza uwanjani, na wale watoto, kwa kukosa adabu, wakawa wanaitikia marahaba. Hakuna aliyemsahihisha. Tulikuwa tunacheka mno.

Msimu wake wa pili goti likaanza kujaa maji. Alikuwa na miaka thelathini na minne. Nilipolibonyeza lilirudi taratibu kama unga uliokandwa, nikamwambia hapa tunakwenda kwa daktari wa mifupa, na kocha aambiwe. Akanishika mkono. Akatoa simu, akanionyesha picha ya uwanja mdogo uliozungukwa na milima, na nje ya geti la uwanja, mwanamke mnene mwenye kofia, ameketi nyuma ya sufuria.

"Mama yangu," akasema. "Anauza mahindi. Miaka yote. Mimi nacheza ndani, yeye anauza nje. Anasikia kelele tu."

Akanieleza kwa Kiswahili chake cha kuunga. Timu ile ya nyumbani, iliyomlea, ilikuwa imekubali kumrudisha kwa msimu mmoja, wa mwisho, mradi amalize mkataba wetu akiwa mzima. Mama yake alikuwa ameshaahidi: mwaka huo ataacha sufuria na kuingia ndani, aketi jukwaani, amwone mwanawe akicheza, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe. Zilibaki mechi tano.

"Mechi tano tu, Mama. Usimwambie kocha."

Nikanyamaza. Nilijiambia ni siri ya mgonjwa, na muuguzi hunyamaza. Nikawa namfunga bandeji ngumu kila asubuhi, namwekea barafu kila jioni, na kwa siri namwomba Mungu amalizie palipobaki. Mechi ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, ya tatu pia.

Ya nne ilikuwa hapa nyumbani, na wageni wetu walitoka Dar es Salaam. Walifika siku mbili kabla, na mtu mmoja akaapa kuwaona wanne wao getini pa uwanja asubuhi na mapema, wameinama. Labda walikuwa wanafunga viatu. Kamati ya ufundi haikuona hivyo. Kwa asiyeujua mpira wetu, niseme kwamba kamati ya ufundi haina ufundi wowote wa mpira. Ni wazee wanne watano wanaoshughulika na yasiyoonekana: nani kafukia nini, timu ipite wapi, mtu atangulize mguu gani. Mwenyekiti wao alikuwa mzee mmoja aliyestaafia reli kule Kaliua, mtaratibu, msafi, shati limechomekewa siku zote. Alipotamka kwamba getini pamechafuka, kocha mwenyewe, aliyesomea mpira Ulaya, alitazama vidole vyake.

Basi letu likalipita geti bila kusimama, likazunguka mpaka nyuma ya uwanja, upande unaotazama barabara ya zamani ya misafara. Ukutani walikuwa wamepanga makreti ya soda, matatu juu ya matatu. Timu nzima ilitakiwa kuruka ukuta, pamoja na mimi na mkoba wangu.

Nilimwendea mzee. Nilikuwa na maneno yangu tayari: kwamba ndani ya bandeji ile kuna goti lisilofaa kurukishwa, kwamba mtu mmoja tu apitishwe getini, hata kwa kufunikwa shuka akitaka. Lakini maneno hayaanzi hivi hivi. Lazima kwanza umwamkie mtu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti. Hujambo? Watoto? Kule Isikizya mvua imenyesha?"

Nina miaka hamsini na tisa, na neno "binti" likanirudisha utoto wangu wote. Nikajibu kuhusu watoto, nikajibu kuhusu mvua. Nilipofika kwenye goti nikajikuta nalisema nusunusu, "Mzee, huyu kijana mguu wake..." na yeye akanikatiza kwa upole: "Ndiyo maana apite huku, binti. Huko getini ndiko kwenye kitu cha kuvunja miguu." Akaangalia saa. Nami nikarudi nyuma. Wodini niliwahi kuwafokea madaktari mbele ya wagonjwa, lakini siku ile nilirudi nyuma, na mpaka leo naona aibu.

Wakaruka mmoja mmoja. Alipofika juu, Mperu alikaa ukutani, mguu mmoja huku, mmoja kule, akageuka kunitafuta. Hakumtazama kocha wala mzee.

"Mama, naruka?"

Watu wote walikuwa wananitazama. Neno lililohitajika lilikuwa moja tu, hapana. Nikasema, "Ruka taratibu, mwanangu."

Nani anaruka taratibu? Kuna kuruka na kuna kutoruka. Akatabasamu, akapotelea upande wa pili, nikasikia kishindo, halafu sauti ambayo sikuwahi kuisikia ikitoka kwake, hata nilipomkanda penye maumivu kuliko pote.

Nilikimbilia getini, maana ndiko karibu kwa mtu wa umri wangu. Mzee akanidaka mkono. "Binti, huko usipite. Utatuharibia." Na mimi, Mungu anisamehe, nikarudi, nikapanda makreti yale, nikisukumwa na dereva, gauni limenikwama, huku nikimsikia Mperu akiita "Mama" na nisijue anamwita mama yupi. Nilipofika juu ndipo nilipoona. Makreti yote yalikuwa nje. Ndani hapakuwa na kitu ila mfereji wa zege. Sote tulifikiria kupanda. Hakuna aliyefikiria kushuka.

Goti lilikuwa limeangalia upande wake lenyewe. Nililishika kwa mikono miwili nikijua kabisa sina la kufanya nalo.

Tulishinda mechi ile, bao moja kwa bila. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Tungefungwa, labda mtu angeuliza swali. Mji ulishangilia mpaka sokoni, na mzee alikuja hospitalini na chupa ya asali, akasimama miguuni pa kitanda, akasema kwa huruma ya kweli kabisa: "Kilichowekwa pale getini kingewapata wote. Kijana amewabebea." Ndugu zangu Wanyamwezi waliokuwepo wakatikisa vichwa kukubali. Sisi ni wajukuu wa wapagazi. Ukitwambia mtu amebeba, tunaelewa haraka na tunamshukuru. Hakuna aliyeona kwamba mzigo wenyewe tulimtwisha sisi.

Picha zilionyesha kano zimekatika mbili. Daktari alizungumza juu ya upasuaji na kutembea vizuri. Juu ya mpira hakusema kitu. Mperu alisikiliza, akauliza kama keshokutwa kuna mazoezi, akajicheka mwenyewe. Kisha akapiga simu kwao. Sijui Kihispania, lakini nilimsikia akisema mambo mengi kwa sauti ya furaha, ya uongo, halafu akasikiliza muda mrefu, halafu akasema neno moja fupi na kukata. Nikamfunga bandeji iliyokuwa imefungwa tayari.

Aliondoka kwa magongo. Asubuhi ile niliandaa maneno ya kumwomba radhi, nikayarudia njiani kutoka nyumbani, na nilipofika akaniwahi: "Mwangaluka, Mama." Akanikumbatia. Hakunilaumu, wala sikupata nafasi ya kulaumiwa.

Mwezi uliopita alinitumia ujumbe wa sauti. Nyuma yake kulikuwa na kelele za uwanja.

"Mwangaluka, Mama. Leo mechi. Mimi na mama yangu tuko getini, tunauza mahindi. Ndani hatujaingia. Nyie siku hizi mnapita wapi? Mnapita geti?"

Niliusikiliza mara tatu. Kisha nikabonyeza, nikamjibu kwa sauti ya furaha, "Ndiyo, mwanangu. Siku hizi tunapita getini."

Jumapili iliyofuata tulicheza nyumbani. Basi likalipita geti, likazunguka nyuma ya uwanja. Nikamwamkia mzee, akaitikia, akauliza mvua. Nikampa kipa mkoba wangu, nikakaza khanga kiunoni, nikapanda. Nilipofika juu nikatazama chini upande wa pili. Safari hii ndani nako walikuwa wamepanga makreti, matatu juu ya matatu, yamekaa imara kabisa. Nikashuka taratibu.