Dereva wa basi la shule aliyefaulu akanyamaza

Baridi ya Nebraska haina adabu. Renae Kucera anakwangua barafu kwenye kioo cha basi la njano, anapiga teke matairi moja moja, kisha anaingia ndani na kuwasha taa zote azikague. Nje bado ni giza.

"Watoto wangu hawapandi gari ambalo sijalizunguka mwenyewe," anasema, pumzi ikimtoka kama moshi.

Anasema wangu, lakini ni watoto wa wakulima wa mahindi wa huku kusini mwa jimbo hili la Marekani. Ni mwaka wake wa kumi na tisa kuwaendesha. Wakipanda huwauliza hesabu za kuzidisha, na anayekwama hukaa kiti cha mbele akafundishwa mpaka shuleni. Hapo ndipo hamu ya ualimu ilipomshika, naye akaanza masomo ya jioni chuoni akiwa na miaka arobaini na tatu.

Somo moja lilimpiga chenga: hisabati, ambayo hufundishwa mchana tu, saa za basi. Lakini ipo njia ya halali. Unafanya mtihani unaotolewa na watahini wa nje ya chuo, na ukifaulu, chuo kinakuhesabia somo hilo kana kwamba ulikaa darasani. Renae alijisomea jikoni, na mwezi Juni akaenda kuufanya.

Kabla ya swali la kwanza, kompyuta ilimuuliza matokeo yapelekwe chuo gani. Akaacha wazi. Huku kwao mtu hatangazi ndama kabla hajasimama. Ukijisifu mapema, utachekwa mpaka uzeeke.

"Nilijiambia, nikifeli tujue mimi na Mungu tu," anasema.

Akafaulu, tena vizuri. Hakumwambia mtu, hata mumewe Milo, ambaye naye hakuuliza. Akasahau kuwa pale pa chuo aliacha wazi, akadhani matokeo yatafika yenyewe.

Wapi! Novemba akaarifiwa kuwa hana somo la hisabati, kwa hiyo mazoezi ya kufundisha ya Januari ayasahau. Nafasi yake, katika shule ileile anayoipelekea watoto, ingepewa mwingine Ijumaa, naye angesubiri mwaka mzima.

Alikimbilia chuoni na karatasi ya matokeo mkononi. Karani wa usajili, Bi Toelle, aliitazama kwa huruma akamrudishia. Chuo hakipokei matokeo kutoka kwa mwanafunzi. Sharti yatumwe na watahini wenyewe, na huenda yakachukua wiki mbili. Renae akayaagiza palepale, lakini Ijumaa ilikuwa kesho yake.

Ikabaki njia moja, kumwomba mkuu wa idara ya ualimu amshikie nafasi. Maana yake ajisifu kwa mdomo wake mwenyewe. Maskini, alikaa garini mpaka vioo vikajaa ukungu.

"Kuendesha kwenye theluji siogopi," anasema. "Lakini kumwambia mtu 'mimi hesabu naziweza', hilo lilinitoa jasho."

Aliingia, akalisema. Mkuu akamuuliza kwa nini alikaa kimya miezi yote hiyo, naye akajibu kuwa hakuna aliyemuuliza. Mkuu, mzaliwa wa huku huku, akacheka, akaishika ile nafasi. Matokeo yalifika Jumanne iliyopita, na somo likahesabiwa.

Januari Renae anaanza na darasa la tatu, na anataka baadaye apewe kufundisha hesabu shule nzima. Mshahara wa mwalimu anajua si mkubwa, hajidanganyi.

Jumapili alikwenda kwa mama yake, Bi Albina, mwenye miaka themanini na moja, ambaye alijua tu kuwa bintiye bado anadaiwa somo la hisabati. Walikuwa mezani wakila mikate mitamu yenye tunda la plamu alipomwambia kuwa hisabati amefaulu.

"Lini?" mama akauliza.

"Juni, Mama."

Bi Albina akaweka kikombe chini. "Wewe mtoto! Kila usiku nimepiga magoti haya mabovu nikikuombea ufaulu, kumbe ulishafaulu zamani?"

Renae akaomba radhi. Mama akaivuta sahani ya mikate karibu na bintiye.

"Haya, kula. Kuanzia leo nitawaombea hao watakaofundishwa na wewe."