Fundi wa funguo aliyepanda mnara kwa kufunga milango

Saa saba kamili mchana. Fundi wa funguo anazima mashine ya kuchongea, anakung'uta unga wa shaba kwenye aproni, kisha anashusha mlango wa bati wa kibanda chake mpaka nusu. Nusu maana yake mwenye shida ya kweli ainame aite. Asiye na shida ya kweli atarudi saa tisa.

Nyuma ya kibanda ndipo kilipo chumba chake. Kitasa cha chumba hicho kimelegea kiasi kwamba mlango unafunguka kwa kijiko, na jirani yake, fundi viatu, hachoki kumtania. "Mtaa mzima anaufungia yeye," anasema, "halafu kwake hata kuku anaingia bila hodi." Mwenyewe anacheka tu.

Ndani, mwanga wa mchana unapenya pazia la kijani na kukifanya chumba kionekane kama kiko chini ya maji. Fundi anavua viatu, anakaa kitandani, anavaa hedifoni, anashika pedi ya kuchezea gemu. Kwenye runinga mvua inaanza kunyesha juu ya mji wenye barabara zinazong'aa na minara ambayo vichwa vyake vimepotelea mawinguni. Mwanamke mwembamba mwenye koti jeusi amesimama chini ya taa, anasubiri.

"Huyo ni mimi," anasema fundi, na kwa jinsi anavyosema, huwezi kumbishia.

Ana miaka hamsini na mbili, na mtaani wanamwita Mama Funguo. Kazi alifundishwa na mjomba wake, enzi ambazo kila ufunguo ulichongwa kwa tupa na jicho. Mashine alikuja kuinunua baadaye sana, mkono wa kulia ukiwa umeshalipa gharama. Leo kidole gumba na viwili vinavyofuata vimekufa ganzi. Zamani alimaliza funguo arobaini kwa siku. Sasa akifikisha kumi na mbili anajihesabu mwenye bahati.

"Asubuhi naweza nikashika ufunguo nisijue kama nimeushika," anasema. "Mpaka niutazame."

Gemu aliachiwa na binti yake, mtoto wake wa pekee, ambaye ni muuguzi. Miaka minne iliyopita alipata kazi katika mji ulio mwendo wa siku mbili kwa basi. Siku ya kuondoka alikubali kubeba nguo na ufunguo wake wa nyumbani tu. Runinga na mashine ya gemu aliviacha.

"Aliniambia, 'Mama, tutakuwa tunaonana humo ndani.' Nikadhani ananifariji, kama watoto wanavyofanya wakitaka usilie mbele za watu. Kumbe kweli. Kila Jumatano, siku yake ya mapumziko, ananikuta humo."

Hadithi ya gemu lenyewe ni fupi. Kampuni moja kubwa imewanyang'anya wakazi wa mji faili zenye majina yao, na asiye na faili hahesabiki kuwa mtu. Mchezaji anatakiwa apande mnara wa ghorofa arobaini akazirudishe. Kabla ya kuanza anapewa pointi ishirini agawe apendavyo kati ya nguvu, mbio, shabaha na udukuzi, yaani ustadi wa kuingilia mitambo ya watu: kuzima kamera, kuvuruga roboti, kuamuru milango kutoka mbali.

Watu wenye akili zao hugawa. Yeye alizimwaga zote ishirini kwenye udukuzi.

"Nilipoona neno mlango, sikusoma tena," anakiri.

Matokeo yake akapata mwanamke anayehema akipanda ngazi mbili. Mchana wa kwanza alikufa mara kumi na moja bila kuimaliza barabara ya kwanza, na mara moja kati ya hizo aliyemuua ni roboti ya kufagia. Tangu hapo akawa anatembea nyuma ya binti yake, aliyechagua mpiganaji mwenye mabega kama kabati. Anasema alikuwa anabebwa kama mzigo, lakini mzigo uliofurahi.

Kulikuwa na jambo moja lililomkera binti. Mama kila akifungua mlango, wakishapita, anaufunga tena. Katika gemu hilo kila amri inakula betri, na wadukuzi huitunza betri kama maji ya mtungini. Yeye aliitapanya kwenye milango ambayo hawakuwa na mpango wa kuirudia.

"Mama, unafunga nini? Huku haturudi!"

"Mlango wa watu hauachwi wazi, mwanangu."

Hivyo ndivyo mjomba alivyomfunza: ukiitwa kumfungulia mtu aliyepoteza ufunguo, kazi haijaisha mpaka umeufunga mlango tena mbele ya macho yake, akaona unafunga. Mkono umezoea, hauulizi. Na Jumatano moja mkono huohuo ulifunga mlango kabla mpiganaji hajapita. Binti alibaki nje na walinzi sita, akibamiza mlango kwa ngumi, huku mama yake upande wa pili akimtafuta kwenye makabati. Mpiganaji alikufa hapohapo mlangoni. Walicheka wiki nzima.

Kicheko kilikatika mwezi wa nane. Tupa ilimponyoka fundi ikamchana paja, akashonwa nyuzi tano, na fundi viatu, ambaye hawezi kukaa na neno, akampigia binti simu. Jumatano iliyofuata hawakucheza.

"Mama, mkono umechoka," binti alisema. "Funga kibanda uje tukae wote. Kuna nyumba ya vyumba viwili hapa, mwenye nyumba ananisubiri mpaka mwisho wa mwezi wa tisa. Sitaki kupigiwa simu nyingine kama ile."

Fundi anasimulia kwamba alitazama ukuta wa kibanda chake, funguo mbichi, ambazo hazijachongwa, zikining'inia kwenye misumari, mia sita na kitu, hakuna hata mmoja unaojua mlango wake. Mkono kweli umechoka. Ndipo likamtoka jambo ambalo mwenyewe hajui lilitoka wapi.

"Nikipanda ule mnara peke yangu mpaka juu kabla ya mwezi wa tisa kuisha, kibanda kinabaki. Nikishindwa, nakuja, na sitalalamika."

Binti alikubali upesi, na alikuwa na sababu. Wachezaji wanapoandikiana mitandaoni wanakubaliana kwamba mdukuzi mtupu, asiye na nguvu wala shabaha, hafiki ghorofa ya kumi.

Na kweli, hakufika. Mchana baada ya mchana, saa saba hadi saa tisa, alikwama ghorofa ya tisa: ukumbi mrefu, vyumba sita, walinzi kumi na wanane. Alizima kamera, wakamwona kwa macho. Alivuruga roboti, wakaja kwa miguu. Anasema alianza kuota milango. Anajiona anatembea kwenye korido isiyo na mwisho, mvua inateremka kwenye vioo taratibu, na kila mlango anaougusa unamwita kwa jina lake la utotoni. Akiamka, vidole vyake vimekunjwa kama vimeshika kitu.

Zikabaki siku nane. Mchana ule alifungua chumba cha kwanza kwa makosa, akaona walinzi watatu wanamgeukia, na mkono, kwa mazoea yake, ukafunga mlango. Akakaa anasubiri kufa.

Hakufa. Walinzi walifika mlangoni wakasimama. Wakagonga. Wakarudi kukaa.

"Nikavua hedifoni nikacheka peke yangu kama mwehu," anasema. "Wiki zote hizo nilikuwa naitafuta njia ya kufungua. Kumbe hawa watu hawana funguo!"

Kuanzia hapo kila pointi ya ziada ambayo gemu lilimpa kwa kumaliza ghorofa aliiweka kwenye betri na kwenye kufunga kutoka mbali. Kuna ustadi mmoja wa juu unaoamuru milango yote ya ghorofa kwa mkupuo. Mafundi wana jina la ufunguo wa namna hiyo, ila halifai kuandikwa gazetini. Aliupata ghorofa ya ishirini na mbili. Fundi viatu, aliyekuwa akija kutazama akiwa na kiatu cha mteja mkononi, anasema hajawahi kuona vita tulivu kiasi kile. "Anatembea tu. Tik, tik, tik, milango inajifunga mbele yake. Hakuna aliyeumia hata ukucha. Mimi nilisinzia, lakini usingizi mzuri."

Jumatano ya mwisho ya mwezi wa tisa alifika ghorofa ya arobaini, binti akisikiliza kwenye hedifoni. Faili ziko mezani kwa katibu. Ukizigusa tu, mkuu wa kampuni anatoka ofisini mwake akiwa ndani ya vazi la chuma, na hapo ndipo wadukuzi wote wanapolia. Betri ilibaki ya amri chache. Gumba lake lilikuwa limekufa kabisa, akabonyeza kwa kidole cha mkono wa kushoto.

Akaifunga ofisi kwanza. Kisha akachukua faili.

Ndani mkuu alinguruma, akabamiza. Mlango ukatulia kama mlango. Fundi akaingia kwenye lifti, akashuka ghorofa arobaini, akatoka mvuani. Wimbo wa ushindi ulipoanza akageuka, akautazama mnara, akatumia betri ya mwisho kufungua milango yote aliyoifunga.

"Mama! Unawafungulia wa nini?"

"Watu wana watoto nyumbani."

"Mama, ni walinzi wa kwenye gemu."

"Najua. Milango ya watu, nimeiacha nilivyoikuta."

Kwenye hedifoni akasikia binti anapenga kamasi.

"Haya, Mama. Kibanda kibaki."

Mkono haujapona, na fundi hajidanganyi. Mwezi ujao anaanza mafunzo ya wiki tatu ya vitasa vya kadi na namba, ambavyo hufunguliwa na kufungwa kwa kubonyeza, bila tupa. Aliviogopa kwa miaka mingi. Sasa anasema ni mnara tu, na akili yake haijafa ganzi. Binti naye ameomba likizo ya mwezi wa pili, siku ishirini na nane, na ameahidi kuzimalizia zote kwenye chumba chenye pazia la kijani.

Kuhusu kitasa kile kilicholegea, fundi hatimaye anajibu utani wa jirani.

"Kile ndicho kilichokuwepo siku mwanangu anaondoka. Ningekibadilisha, ufunguo wake ungekuwa chuma tu, na siku akija angegonga kama mgeni."

Saa tisa inakaribia, na kwa kuwa leo ni Jumatano, binti yuko kwenye hedifoni. Kabla ya kuvua hedifoni anamuuliza binti swali moja.

"Ufunguo wako unao?"

"Ninao, Mama. Uko hapa mkobani."

"Basi usigonge," anasema, anavaa viatu, anakwenda kupandisha mlango wa bati.