Papa Benoît Alivyofunga Zamani

Jumatano ya Majivu ya mwaka 1994, Papa Benoît alirudi kutoka kanisani akiwa na msalaba mweusi kwenye paji la uso na swali lililomkera. Padri Théodore alikuwa amewaambia waamini kwamba kila mmoja aache kitu anachokipenda mpaka Pasaka. Benoît alikuwa mtu wa utii. Alikaa kwenye kiti mbele ya nyumba, akaanza kutafuta kitu cha kuacha.

Nyama hakuweza kuiacha, kwa sababu nyama ilitangulia kumwacha yeye. Bia vivyo hivyo. Sigara aliziacha tangu mishahara ilipoanza kupotea njiani, na hakuziacha kwa ajili ya Mungu. Chai ya asubuhi ilikuwa maji ya moto. Kwa jinsi alivyoona, mji mzima wa Likasi ulikuwa umeshafunga siku nyingi, na Kanisa lilichelewa tu kutangaza.

"Martine," alimwambia mkewe, aliyekuwa akisonga bukari uani. "Minye sina kitu cha kuacha. Nitamwambia mupe Théodore hivyo."

"Kiko kimoja," alisema Martine bila kugeuka.

"Kitu gani?"

"Zamani."

"Zamani gani?"

"Ile ya kantini. Ile ya posho. Ile ya lori ya unga kusimama hapa mbele ya mulango. Baba Bénie, weye unaila hiyo zamani asubui na mangaribi, na haishibishi muntu. Iache mpaka Pasaka."

Benoît alicheka. Martine aliendelea kusonga. Ndipo Benoît alipoona kwamba amenaswa, kwa maana alikuwa akitafuta kitu anachokipenda, na hicho ndicho.

Maisha yake yote ya utu uzima alikuwa fundi wa mota za umeme katika karakana ya kampuni ya migodi, na alikuwa fundi mzuri. Sasa karakana ilikuwa ingali wazi, lakini hapakuwa na waya wala mota. Kila asubuhi alikwenda, akakaa, akarudi. Katika kazi hiyo alibakiwa na hadithi zake tu, naye alizisimulia bombani, sokoni na mezani. Alizisimulia vizuri, hilo hakuna aliyelikana. Ila binti yake Bénie alikuwa amezizoea kiasi cha kuchezesha midomo pamoja naye, kama mtu anayefuata litania.

Alhamisi walikutana na jumuiya yao ya sala nyumbani kwa Mama Eugénie, kiongozi wao. Desturi ilikuwa kusoma Injili, kisha kila mmoja kueleza ilivyomgusa. Kwa miaka, Injili yoyote ilimfikisha Benoît mahali pale pale. Mikate mitano na samaki wawili ilimfikisha kwenye posho. Arusi ya Kana ilimfikisha kwenye sikukuu ya Mtakatifu Barbara, kampuni ilipogawa bia kwa kreti. Mwana mpotevu naye alifika huko, kwa njia ndefu kidogo.

Siku hiyo walisoma habari za Yesu jangwani, shetani akimtaka ageuze mawe yawe mikate. Zamu ikamfikia Benoît. Watu wakajiweka vizuri kwenye viti.

"Minye napita," alisema Benoît.

Mama Eugénie alimtazama, akatazama kitabu, kana kwamba ukurasa umekosewa. Kwa kuwa muda ulibaki, zamu ilifika mpaka mlangoni, alipokaa Mama Henriette, mjane ambaye kwa kawaida zamu yake ilikutana na sala ya kufunga.

"Minye napasula majiwe kule Kakontwe," alisema Mama Henriette. "Kila siku naangalia jiwe. Shetani hajakuya hata mara moja kuniuliza nilifanye mukate. Nafikiri anaogopa nitakubali."

Watu walicheka. Benoît hakucheka. Alikuwa akitazama mikono ya yule mama, iliyojaa makovu ya changarawe. Alikuwa amesali naye chumba kimoja miaka mingi, na hakujua anakula kwa kazi gani. Angejuaje? Siku zote alikuwa akisema yeye.

Nyumbani kimya kilikuwa kigumu zaidi. Kila alipofungua mdomo alikuta zamani imesimama mlangoni, ikabidi aufunge tena. Jumamosi, kwa kukosa la kufanya na la kusema, alimfuata Martine kwenye shamba lake la mahindi, kwenye njia ya Kapolowe. Hakuwa amewahi kuliona. Sababu aliyokuwa akitoa ni kwamba karakana inaweza kumwita wakati wowote.

Njiani Martine alitoa rozari, kama alivyozoea akitembea peke yake. Benoît akaitikia. Walipofika fumbo la tatu, maneno aliyoyasema tangu utoto yalimkwama. *Utuombee sisi wakosefu, sasa na saa ya kufa kwetu.* Alihesabu nyakati zilizomo: sasa, na saa ya kufa. Nyingine haikuwamo. Aliitafuta tena katika Salamu Maria iliyofuata, haikuwamo.

"Unaitika ao unalala?" aliuliza Martine.

"Naitika," alisema, akaendelea. Siku ile alipalilia matuta manne, vibaya.

Mtihani wenyewe ulikuja na Magloire, mwenzake wa karakana, aliyepita Jumapili kumsalimia.

"Unakumbuka Noël ile," alisema Magloire, "kampuni ilitupatia masardini?"

Krismasi ile haikuwa sardini. Ilikuwa nyama ya kopo, na Benoît alikumbuka hata rangi ya karatasi yake.

"Na mota ya pampu kubwa, ile wazungu walishindwa? Minye peke yangu niliitengeneza!"

Mota hiyo aliitengeneza Benoît. Magloire alishika taa. Benoît alitazama vidole vya miguu yake, kimoja baada ya kingine, mpaka vikaisha.

"Inawezekana," alisema.

Magloire aliogopa. Alisimama, akaaga kwa upole kama anayeaga mgonjwa, na kabla ya jua kuzama mtaa mzima ulijua kwamba Papa Benoît hana siku nyingi. Kesho yake Padri Théodore alifika na stola na mafuta ya wagonjwa.

"Papa Benoît, unaumwa wapi?"

"Siumwe, mon père. Nafunga."

"Unafunga nini?"

"Zamani."

Padri aliweka mafuta juu ya meza. "Nani alikupa kitubio hicho?"

"Bibi yangu."

Padri akafikiri, akasema yeye angetoa chepesi zaidi. Kisha akauliza, "Na sala inaendaje?"

"Mbele ya kufunga nilikuwa naomba Mungu arudishe vitu. Sasa sijui nimuombe nini. Nakaa tu."

"Ukae," alisema Padri. Alikunywa maji, akaondoka na mafuta yake.

Jumapili ya Pasaka walikula bukari, sombe ya majani ya muhogo, na kuku mmoja ambaye Martine alikuwa amemficha asichinjwe mapema. Mama Henriette alikuwa amealikwa. Sahani zilipoondolewa, Bénie alisema, "Papa, sasa unaruhusiwa." Wote wakamgeukia.

Benoît aliyarekebisha masardini kwanza. Kisha akaisimulia mota ya pampu, yote, pamoja na taa na aliyeishika. Martine alicheka pale alipokuwa akicheka walipokuwa wachumba, maana kumbe naye alikuwa na hamu nayo. Hadithi ilipokwisha, Benoît hakuanza nyingine. Alimgeukia Mama Henriette, akamwuliza jiwe linapasuliwaje. Maelezo yalikuwa marefu, naye aliyasikiliza mpaka mwisho.

Mishahara haikurudi. Benoît hakugeuka mtakatifu, na bombani aliendelea kuwachosha watu, ila si Ijumaa, siku aliyoendelea kufunga zamani. Alianza kuhudhuria Misa ya alfajiri, akibaki kidogo kwenye benchi la nyuma wengine wakishatoka. Siku moja Martine, aliyekuwa akimngoja nje na majembe mawili, alimwuliza anasema nini na Mungu wakati wote huo.

"Namwambia: niko."

"Na kisha?"

"Kisha naenda kulima," alisema Benoît, akapokea jembe lake.