Mwaka wa Pili wa Dada Yangu

Wiki mbili zilizopita nilishuka mjini, Rohero, nikiwa na barua ya wazazi wa mtaa wa Carama. Waliomba jambo moja tu: shule ya serikali ninayofundisha iongezewe darasa la watoto wadogo, matenele kama tunavyoiita huku kwetu, la bure, kwa kila mtoto wa mtaa. Nilikaa kwenye benchi la ofisi mpaka miguu ikafa ganzi. Bwana aliyenipokea aliisoma barua nusu, akanirudishia kwa adabu zote.

"Mwalimu," akaniambia, "mutoto wa miaka mine fasi yake ni nyumbani, na mama yake."

Nilitoka bila kuaga. Hatua chache kutoka hapo kuna ukuta uliochorwa maua na samaki, na nyuma yake watoto walikuwa wanaimba wimbo wa kuhesabu vidole. Ni matenele ya kulipia. Nilisimama barabarani, mtu mzima na mkoba wangu begani, nikiwasikiliza kwa hasira. Wimbo ule naujua tangu nikiwa na miaka minne. Mama alituletea nyumbani, baada ya kuusikia siku nyingi akipiga deki korido ya shule ya namna hiyo hiyo.

Tulikuwa tunaishi Buyenzi, kwenye ua wa nyumba tano zenye bomba moja. Asubuhi ilianza na sauti ya ndoo zikipangwa foleni, kisha harufu ya mafuta ya jirani yetu aliyekaanga mandazi ya kuuza. Baba alikuwa amefariki. Mama aliondoka alfajiri, mara tu baada ya sala, akaenda Rohero kwa miguu, na alirudi jua likiwa limeshaelekea ziwani. Mikono yake ilinuka sabuni ya unga. Nikiinusa leo popote, hata sokoni, namwona mama yangu.

Jirani wa mandazi ndiye aliyeniangalia mchana mwanzoni. Alikuwa mwema, lakini karai lake lilikuwa chini, juu ya makaa, na mimi nilikuwa situlii. Siku moja mafuta yaliniruka mkononi. Alama ninayo mpaka sasa. Jioni alimwambia mama, huku analia, kwamba hawezi tena, kwamba siku nyingine atamrudishia maiti.

Basi dada yangu akaanza kwenda na mimi shuleni. Alikuwa na miaka tisa, yuko mwaka wa pili. Alinifunga mgongoni kwa kitenge cha mama, daftari kashika mkononi, na tukifika alinikalisha chini ya benchi, katikati ya miguu ya wanafunzi. Nakumbuka vumbi la chaki, na maharage baridi aliyonilisha kwa vidole wakati wa mapumziko. Nakumbuka zaidi sauti yake juu ya kichwa changu, akijibu hesabu kabla mwalimu hajamaliza kuuliza. Mwalimu alikuwa anamwambia anyamaze kidogo, awaachie wengine. Alikuwa anajivuna naye.

Hapo katikati mama alijaribu njia nyingine. Alimwomba direktrisi, yaani mkuu wa ile matenele aliyokuwa anaisafisha, anikubalie nikae nyuma darasani. Direktrisi hakuwa mtu mbaya, akakubali tujaribu. Rafiki yangu, ile siku moja ninayo yote kichwani. Viti vya kimo changu. Kalamu za rangi kwenye kopo, na mtu anayekuambia chukua unayotaka. Maziwa ya moto, biskuti mbili, kisha mkeka wa kulala mchana na mwalimu anayetembea polepole ili asituamshe. Nilichora duara, mwalimu akalisifu. Sikujua kama duara linasifiwa.

Saa ya kutoka, nilimwona mama kwenye korido na fagio lake, nikamkimbilia nikiita mama. Mzazi mmoja aliyekuja kuchukua mtoto wake alituangalia, akaenda moja kwa moja ofisini. Kesho yake mama aliambiwa nisirudi, kwa sababu wazazi wanaolipa wamelalamika. Akaendelea kupiga deki mle mle, miaka mingine mingi. Alisafisha viti ambavyo mtoto wake hakuruhusiwa kuvikalia, na hakuwahi kusema neno baya juu yao. Nalisema mimi.

Nikarudi chini ya benchi. Haikuchukua muda, inspekta akaja kutembelea shule. Nilikuwa na homa siku hiyo. Nililia, kisha nikajikojolea, na mkojo ukapita chini ya mabenchi mpaka kwenye viatu vya mgeni. Wanafunzi walicheka. Mkuu wa shule alimwita dada nje. Hakumpiga wala hakumtukana.

"Huyu mutoto akishakuwa mukubwa," alimwambia, "utarudi."

Basi nilibaki nyumbani na mama, kama wanavyopenda ofisini. Mama huyo alikuwa na miaka tisa. Alipika uji, aliteka maji, alichambua mchele, alinifulia. Wenzake wakirudi kutoka shuleni, alikuwa anawaomba wamwonyeshe madaftari, anaandika chini kwa kijiti waliyojifunza, na mimi nafuata kwa kidole. Kila kitu nilichojua siku naanza shule nilikitoa kwake, na kwenye ule wimbo wa mama.

Miaka miwili ikapita. Asubuhi niliyopelekwa mwaka wa kwanza, dada alivaa yunifomu yake ya zamani, iliyomfikia juu ya magoti sasa, akanishika mkono mpaka mbele ya mkuu wa shule. Alisimama wima.

"Mutoto amekuwa mukubwa," akasema. "Nimerudi."

Mkuu wa shule alimwangalia, kisha akaniangalia mimi. Hakumkumbuka. Alituuliza sisi ni watoto wa nani.

Walimrudisha mwaka wa pili, kwenye benchi la watoto waliomfikia kifuani. Walimwita bibi. Alivumilia mpaka mvua za kwanza, kisha asubuhi moja alinipeleka mpaka kwenye lango, akageuka, akaenda sokoni kutafuta kazi. Hakuna aliyekuja nyumbani kuuliza kwa nini. Na mwalimu aliyekuwa anamwambia awaachie wengine, sijui aliwaza nini.

Leo mimi ndiye mwalimu wa mwaka wa kwanza. Kila Septemba wanaingia watoto wachache waliopita matenele ya kulipia, wanajua rangi, wanajua kuomba ruhusa. Na wanaingia wengi ambao hawajawahi kushika kalamu, wanaoogopa hata mlango wangu. Kabla ya Krismasi watu wanasema hawa wana akili, wale hawana. Uongo. Na kila mwaka, bila kukosa, kuna msichana mlangoni na mdogo wake mgongoni. Sijamfukuza hata mmoja. Nimetandika mikeka nyuma ya darasa, sasa wako watoto saba, na nimeshaandikiwa barua ya onyo kwa sababu yao. Waandike nyingine.

Ule ua wa Buyenzi haupo tena, wamejenga ghorofa. Bomba limeng'olewa, jirani wa mandazi na mama wote wamezikwa. Hayo nayalilia kama kila mtu anavyolilia ya kwao. Lakini kuna kitu kimoja kilichopotea ambacho hakikuchukuliwa na kifo wala na miaka. Kilichukuliwa na watu waliokaa kwenye meza, na darasa moja la bure lingetosha kukiokoa.

Siku ile, kabla ya kupanda kurudi Carama, nilipita sokoni kwa dada yangu. Anauza ndagala, vile visamaki vidogo vya ziwani. Nilimsimulia ya ofisini, na katikati ya kusimulia nikajikuta namwomba msamaha, jambo ambalo sikuwahi kulifanya maisha yangu yote. Nilimwambia kwamba nilimharibia masomo.

Aliendelea kugeuza ndagala juani, ananitazama kana kwamba nimesema upuuzi.

"We ulikuwa mutoto," akasema.

Mteja alikuja, akapimiwa, akaenda. Dada alifuta mikono kwenye kitenge.

"Na mi nilikuwa mutoto," akasema.