Kata Bila Kamba

Fakihi alimpiga shemeji yake Dauda panga la bega mbele ya macho yangu, asubuhi, pale kwenye tangi la maji la Mkunya. Dauda akaangukia ndoo yake, ndoo ikapasuka. Kila mmoja alikuwa na simu yenye ujumbe uleule: "Maji yapo. Njoo uchote." Na tangini lilikuwa limebaki fungu la mtu mmoja tu. Huku kwetu juu, mwezi wa kumi, huwezi kumwambia mtu maji yapo halafu asiyakute.

Ujumbe ule ulitoka kwenye programu ya Huruma, binti wa hapahapa aliyepanga chumba Masasi mjini, akitengeneza simu na kuandika programu za kompyuta. Msichana mpole, lakini ukimwambia jambo haliwezekani ananuna mpaka aliweze. Kamati ya maji ilimwomba akomeshe ugomvi wa foleni. Akaunda mpango: unatuma ujumbe, kompyuta inaangalia tangi, ikiona maji yapo inakupa namba, ukiibonyeza bombani maji yanatoka. Mjomba wake Cyril, aliyemlea tangu mama yake afariki, akapewa kazi ya kulinda kibanda cha pampu chenye kompyuta hiyo.

Siku ya panga Huruma alipanda kutoka Masasi kwa pikipiki, akakuta damu haijakauka. Alikaa kibandani mbele ya kompyuta, sisi tumejazana mlangoni tukifoka.

"Shikamoo Mama Lois," aliniambia bila kuinua uso.

"Marahaba. Haya tueleze, imekuwaje maji ya mmoja wakaahidiwa wawili?"

"Ndani ya programu kuna nyuzi nyingi, mama. Kila ombi lina uzi wake, na zote zinakwenda kwa pamoja. Uzi wa Dauda umeliuliza tangi, maji yapo? Yapo. Kabla haujaliandika jina lake, uzi wa Fakihi nao umeuliza. Yapo. Zote mbili zimejibiwa kweli."

"Kweli gani hiyo ya kumkata mtu bega!"

"Nitaweka kufuli. Uzi mmoja tu ndio utagusa tangi, mwingine utasubiri mpaka wa kwanza umalize na kuachia. Ni ile kata ya chemchemi ya bibi."

Hapo nilimwelewa. Zamani tulishuka bondeni kuteka maji, na chemchemini palikuwa na kata moja. Aliyeishika ndiye anayechota, hata kama nyuma yake amesimama mkwe wake. Akimaliza anairudisha, mwingine anaishika.

Kufuli lilifanya kazi. Wazee wa ukoo wakawasuluhisha Fakihi na Dauda, ingawa mkono wa Dauda haukunyanyuka tena. Kamati nayo, kwa kuogopa mapanga, ikang'oa koki ya mkono ili mtu asifungulie maji kwa nguvu. Tukajiona tumestaarabika.

Kisha Jumamosi moja mtandao ulikatika katikati ya ombi la mtu. Uzi ulioshika kufuli ukafa nalo, nyingine zikabaki zinasubiri. Haya Huruma alinieleza baadaye. Sisi tuliona tu tangi limejaa na mabomba makavu.

Jua likapanda. Mtu akasema Cyril anayazuia maji ayauze kwa wenye magari ya maji. Uongo mtupu, lakini kiu haina masikio. Jiwe la kwanza lilipiga bati. Cyril akajifungia kwa komeo. Mawe yakaendelea, mengine yakipita dirishani kati ya nondo.

Huruma alipofika kutoka Masasi walimdaka. Huyu kofi, yule anavuta nywele, kitenge kikachanika. Nilimkumbatia nikala ngumi zisizo zangu.

"Maji yenu yamo kwenye kompyuta!" alifoka. "Nipisheni!"

Aligonga mlango. "Mjomba, fungua, ni mimi." Akachungulia dirishani. Cyril alikuwa amelala kifudifudi nyuma ya mlango, kichwa kimepasuka, komeo lipo vilevile alivyolifunga. Huruma akapiga ukelele ambao mpaka leo unanitoa usingizini.

Fakihi alileta shoka akauvunja mlango. Cyril bado alikuwa anapumua. Huruma akamshika makwapani. "Nisaidieni, tumkimbize hospitali!"

Wanaume wakaziba mlango, mapanga mkononi.

"Maji kwanza."

"Atakufa!"

"Na watoto wetu je? Maji kwanza!"

Mmoja akamwekea binti panga shingoni. Huruma alimtazama mjomba wake, akaitazama kompyuta. Akamvuka kama gogo, akaketi. Vidole vyake viliteleza kwa damu kwenye vitufe. Aliizima programu, akaiwasha upya, na mabomba yote yakakohoa kwa pamoja.

Watu wakakimbilia maji. Mlango ukabaki wazi na mbebaji hakuna. Hata vijana wa bodaboda walikuwa wanagombea ndoo. Tulimburuta Cyril mpaka barabarani, mimi, Huruma na Dauda wa mkono mmoja, tukakaa pale tukipungia magari. Moja likasimama, lakini alikata roho kabla hatujafika hospitali ya Newala. Daktari alisema jeraha lingeshoneka. Damu ndiyo iliyomwishia.

Nina hasira mpaka leo. Kata ya chemchemi ilikuwa na kamba! Ilifungwa kwenye mzizi, ili ukiteleza, ukizimia, ukiitwa msibani, kata ibaki palepale kwa anayefuata. Huruma alikumbuka kata, kamba akaisahau. Nasi tuking'oa koki hatukuikumbuka, wala Cyril akifunga komeo.

Nilidhani hatarudi. Baada ya arobaini alirudi. Akaifunga kamba ndani ya programu: uzi umalize salama au ufe, kufuli linaachiwa. Komeo la mlango aliling'oa mwenyewe kwa nyundo. Kisha mbele ya umati akachomoa waya wa mtandao katikati ya ombi. Ombi lile likafa, na ndoo iliyofuata ikapata maji. Vigelegele vikapigwa. Akangoja vinyamaze.

"Nani alirusha jiwe lililompata mjomba wangu?"

Mimi nilimwona siku ile, na sikuwa tayari kufa nalo.

"Ni huyo aliye bombani," nikasema. "Fakihi."

Huruma akamgeukia Fakihi.

"Jaza ndoo yako, Baba Yasmini," akasema. "Kisha umpishe mwenzako."

Fakihi hakuweza kupisha. Ndoo ilijaa, ikafurika, maji yakamwagikia miguuni pake, naye bado ameishika. Dauda ndiye aliyetoka kwenye foleni, akamsogeza pembeni kwa mkono wake mmoja.