Mama Aliporudi Kilimani

Watu walimwita Mama Nta, na jina hilo lilimkaa kuliko lile alilobatizwa. Tangu usichana mikono yake ilinuka nta. Aliyeyusha mabaki ya mishumaa katika sufuria kuukuu, akayachuja kwa kitambaa, akamimina kwenye vibomba vya bati ambamo tayari amenyoosha utambi, kisha akasubiri nta ipoe. Kazi hiyo alifundishwa na bibi yake mzaa mama, naye bibi alifundishwa na masista wa kwanza kufika kijijini kwao.

Kwa bibi ndiko alikoisikia habari ya kanisa dogo la kilimani. Zamani ndui iliingia, ikapita nyumba kwa nyumba, hata waliokuwa wakizika leo wakawa wanazikwa kesho. Masista walikuwa na sanamu ya mti ya Mama Maria, kimo cha mtoto anayeanza shule. Waliibeba, wakazunguka nayo kijiji kizima wakisali rozari, wakaahidi kwamba ugonjwa ukiondoka watamjengea Mama nyumba juu ya kilima. Ugonjwa ukaondoka.

"Kama ni Mama aliyeufukuza au ulikuwa umeshiba wenyewe, mimi sijui," bibi alikuwa akisema, kwani hakuwa mtu wa kutia chumvi. "Ninachojua, masista waliahidi, na matofali tukayabeba sisi kichwani."

Basi kila mwaka, siku ya Mama kupalizwa mbinguni, mahujaji walikuja kwa miguu. Kilima kizima kilisikika Salamu Maria. Walibusu mguu wa sanamu mpaka rangi ya vidole ikaisha. Moshi wa mishumaa uliifanya sura yake kuwa nyeusi kama sufuria ya jikoni, na ncha ya pua ilimegeka siku wabebaji walipoteleza kwenye maandamano. Wote waliipenda hivyohivyo. Mama Nta aliolewa mbele ya sura ile, na fundi seremala aliyekuwa pia mpiga kengele. Watoto wake walibatizwa hapo, na jeneza la mumewe lilipumzishwa hapo kabla ya kwenda makaburini.

Baada ya msiba huo mambo yakaanza kwenda mrama. Mvua kubwa iling'oa daraja, na mahujaji wa ng'ambo ya mto wakakata tamaa. Kisha wezi wakavunja sakristia wakaondoka na kalisi, kikombe cha misa. Askofu wa wakati huo akaona heri sanamu ihifadhiwe mjini, kwenye kanisa kuu. Ilikuja gari, vijana wakamvisha Mama blanketi, wakamlaza kati ya magunia ya mchele ili asigongwegongwe. Mama Nta aliweka kitenge chake juu ya blanketi. Gari likaondoka nacho.

Hatua kwa hatua kilima kikabaki kitupu. Padre alihamishiwa penye watu, na binti za Mama Nta wakaolewa mbali. Yeye akabaki na ufunguo. Kila asubuhi alifungua, akafagia kinyesi cha popo, akawasha mshumaa mmoja mbele ya shubaka tupu la ukutani aliposimama Mama zamani, akasema, "Shikamoo, Mama." Kisha aliketi akaeleza mambo yake: paa linavuja, goti linauma, mjukuu ameanza kuota meno. Waliompita njiani walisema mjane amechanganyikiwa, anaongea na ukuta.

"Mama, njoo ukae na sisi," binti yake mkubwa alimwambia kwa simu kila mara. "Huko unakaa na nani?"

"Nikija, mlango nitamwachia nani?"

"Mlango wa nini, Mama? Hakuna anayeingia."

 Mama Nta alijua mwanawe anasema kweli, na ndiyo maana ilimuuma.

Miaka ikaenda, nywele zikamgeuka nyeupe. Kisha daraja jipya likajengwa, akaja askofu mwingine, na siku moja padre kijana alipanda kilima kwa pikipiki, kanzu ameikunjia kiunoni. Alimkuta akifagia.

"Shikamoo, mama. Nimeambiwa wewe ndiye mwenye nyumba."

"Marahaba, baba. Mwenye nyumba yuko mjini. Mimi natunza tu."

"Basi mwandalie," padre akasema, akitabasamu. "Anarudi."

Usiku ule Mama Nta alilia kama aliyefiwa, ingawa ilikuwa furaha. Alipaka chokaa shubaka kwa mkono wake mwenyewe. Alitengeneza mishumaa mpaka vibomba vikamwachia malengelenge vidoleni.

Siku ilipofika, mabasi yalijaza uwanja. Kulikuwa na vipaza sauti, mahema, na wanakamati waliovaa fulana za rangi moja. Mishumaa ilikuja kwenye makatoni, imebandikwa picha ya Mama. Mlangoni dada mmoja wa kamati alimzuia Mama Nta kwa upole.

"Mama, umekuja na kundi gani?"

Mama Nta akafikiri. "Sina kundi."

"Basi subiri kule nyuma, makundi yapite kwanza."

Akasubiri kule nyuma. Zamu yake ilipofika, alisogea mpaka shubakani, akainua macho. Mjini walikuwa wamemtengeneza Mama. Uso ulikuwa mweupe laini, mashavu yana wekundu, na pua imekamilika. Hata vidole vya mguu vilipakwa upya. Alitafuta pale alipozoea kumwangalia, hakupaona. Watu waliokuwa nyuma walimsukuma kidogo, akapita.

Siku chache baadaye alimwendea padre.

"Baba, yule siye."

Padre hakumcheka. Alivuta kiti, akaketi karibu naye. "Ni yeye, mama. Nilikuwepo walipokuwa wakimsafisha. Mti ulianza kuliwa na wadudu, ilibidi."

"Sura yake ilikuwa nyeusi. Watu waliizoea."

"Watu gani, mama?"

Akataka kuwataja. Bibi, mumewe, masista, mwalimu wa kwaya, jirani aliyekuwa akisuka mikeka. Wote walikuwa makaburini.

"Mimi nilizaliwa sanamu imeshaondoka," padre akasema taratibu. "Nisamehe, sina ninachokumbuka."

Tangu hapo Mama Nta alikuwa akiingia kanisani, akapiga magoti, akasali rozari yake sawasawa, akatoka. Kuongea na Mama hakuweza tena. Shubaka tupu alilipigia soga miaka yote ile, na sasa lilipojaa, ulimi ulikuwa mzito kama wa mtu aliyepelekwa kwa wakwe. Jioni, kilima kikinguruma kwa nyimbo za mahujaji, alijifungia ndani akakwangua nta iliyoganda kwenye sufuria.

Mwaka uliofuata, siku ya hija, alikaa benchi la pembeni. Bibi kizee mmoja, mgeni, alisimama mbele ya sanamu kwa muda mrefu, akiegemea mkongojo. Kisha akaja akajibwaga karibu naye, akanong'ona:

"Dada yangu, huyu ni mtoto wa nani?"

Mama Nta akamgeukia. "Ndiye mwenyewe. Wamempaka rangi."

"Na ile pua yake?"

"Wamempa nyingine."

Wakatazamana. Bibi akaziba mdomo kwa ncha ya kanga, mabega yakaanza kumtikisika, na Mama Nta akashindwa kujizuia. Walicheka mpaka machozi, huku dada wa kamati akiwatolea macho. Yule bibi alisema zamani alikuja kwa miguu akiwa na mimba ya kifungua mimba wake, akabusu ule mguu uliochakaa. Alikumbuka kengele. "Kulikuwa na kijana mrefu anaipiga, anairukia kamba kama nyani."

"Huyo alikuwa mume wangu," Mama Nta akasema.

"Pole, dada. Alikuwa na madaha."

Waliongea mpaka basi likapiga honi. Yule bibi alishikwa mkono akapandishwa, akapunga dirishani. Mama Nta alisimama uwanjani mpaka vumbi likatulia, akakumbuka kwamba hawakuulizana hata majina.

Mwaka mwingine alimtafuta basi kwa basi. Mwanamke mmoja wa kundi lile akamwambia, "Bibi yetu mwenye mkongojo? Amepumzika, mama, tangu mvua za kwanza."

Akashukuru, akarudi nyumbani. Kesho yake mabasi yalikuwa yamekwenda, na upepo ulikuwa ukikimbiza chupa tupu uwanjani. Aliingia kanisani na mshumaa wake wa kumimina, akauwasha, akaketi benchi la mbele. Aliitazama ile sura safi.

"Shikamoo, Mama," akasema. Sauti yake ilimshtua mwenyewe kwa kukauka. "Kuna mtu nimefiwa naye. Ulimwona mwaka jana, tulikuwa tunakucheka. Lakini acha nianze mwanzo, maana huenda humkumbuki."

Akaanza kumweleza, habari moja baada ya nyingine, kama mtu anavyomsimulia mgeni.